Harusi Iliyokwama Ndani ya Kompyuta

Mwezi uliopita nilikuwa Katubuka, mjini Kigoma, kwenye harusi ya binti wa kwanza wa Furaha, ambaye harusi yake mwenyewe ndiyo kisa changu, na kabla hata bibi harusi hajafika ukumbini, video yake akitoka saluni ilikuwa imeshaingia kwenye simu ya kila mtu pale, na za ndugu walioko Kalemie, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na za wengine walioko Norway. Watu waliitazama, wakatuma vimoyo, wakarudi kwenye sahani zao. Nilikuwa nimekaa meza moja na Bwana Masudi, bosi wangu wa zamani, ambaye siku hizi anatembelea fimbo na kusikia kwa sikio moja, lakini simu yake ni kubwa kuliko yangu. Simu ikalia, ikatoa kidirisha cha kumuuliza jambo fulani, naye bila hata kuvaa miwani akabonyeza "Ndiyo". Nikamuuliza, "Mzee, umekubali nini hapo?" Akasema, "Sijui, mwanangu. Imeuliza kwa adabu, nami nimejibu kwa adabu." Nilicheka hadi pilau ikanipalia, na mama mmoja wa meza ya jirani akainuka kuja kunipiga mgongoni. Mimi ni mwalimu wa kompyuta chuoni Dodoma, na kwa miaka mingi kazi yangu kubwa imekuwa kuwaambia vijana wasome kabla ya kubonyeza. Aliyenifikisha kwenye kazi hiyo ni huyo huyo mzee wa "Ndiyo", na nilimwambia hivyo palepale, ila sidhani kama alinisikia kwa sababu muziki ulikuwa juu.

Nazungumzia mwaka niliomaliza kidato cha sita, zama za kuchoma CD, wakati flashi ilikuwa kitu cha kuning'iniza shingoni ili watu wakuone. Ya nyumbani kwetu nayaacha, hayana kazi hapa. Nilikuwa nasubiri matokeo, na ilikuwa imeshapangwa kwamba nitasomea uhasibu, kwa sababu kila mtu alisema uhasibu una ajira. Kwa kujishikiza tu nikaingia Studio Kigelegele, studio ya picha na video ya Bwana Masudi, chumba kimoja kwenye barabara ya kwenda Ujiji, bati juu, pazia lililochorwa maporomoko ya maji ukutani, na kona moja iliyotengwa kwa ajili ya kompyuta. Kompyuta ile ilikuwa na kitambaa chake cha kufuma kama kochi la sebuleni, na jioni ilifunikwa kwa heshima kabla ya taa kuzimwa. Palikuwa na harufu ya kahawa ya Kalinzi tangu asubuhi, maana Bwana Masudi hakuweza kuongea na mteja kabla hajammiminia kikombe. Mlango ulikuwa wazi muda wote, na TV ilielekezwa barabarani makusudi, hivyo wauza mawese, wanafunzi na mafundi baiskeli waliokuwa wakipita walisimama kutazama harusi za watu wasiowajua na kutoa maoni kuhusu magauni. Nilipenda chumba kile siku ya kwanza tu, na mpaka leo nikisikia kahawa inachemka nakumbuka mlio wa feni yake.

Kulikuwa na desturi mbili pale ambazo lazima nizieleze. Ya kwanza ni kupima. Hakuna mteja aliyeruhusiwa kuondoka na diski yake kabla haijachezwa yote kwenye deki, mwanzo hadi mwisho, mbele ya yeyote aliyekuwepo, ili asije kurudi kesho kusema haionyeshi. Siku ya kupima harusi ilikuwa kama harusi ya pili: watu walileta maandazi, akina mama walipiga vigelegele palepale walipovipiga mara ya kwanza. Ya pili ilihusu kanda. Kanda za kamera zilitoka Dar es Salaam kwa treni na hazikupatikana ovyo, kwa hiyo harusi ikishaingizwa kwenye kompyuta, kanda ileile ilibebwa kwenda kurekodi sherehe inayofuata. Hakuna aliyeona ubaya wowote. Ndivyo tulivyofanya na kanda ya harusi ya Furaha: Jumapili iliyofuata ilipanda Kalinzi kurekodi kipaimara, na kuanzia hapo harusi ile ikawa haipo mahali popote duniani isipokuwa ndani ya kompyuta yetu.

Mama yake Furaha alikuwa akiuza vitenge sokoni, mwanamke mnene mcheshi aliyezaliwa ng'ambo ya ziwa, na Kiswahili chake kilibaki cha ng'ambo hadi mwisho. Alikuja na kaka yake kutuambia jambo ambalo Bwana Masudi alikuwa amelisikia nusu nusu. Baba Furaha, aliyekuwa Kalemie kwenye biashara zake, alianguka kutoka juu ya lori la mizigo wiki chache kabla ya harusi, paja likavunjika. Kadi zilikuwa zimeshagawiwa na bwana harusi ameshapewa likizo, kwa hiyo mwenyewe akatuma ujumbe kwamba wasimngoje. Sasa alikuwa kalala kitandani, mguu umefungwa juu, anamuuliza kila anayetoka Kigoma kama ameiona harusi ya mwanawe. "Mutoto wetu ni mumoja," Mama Furaha alisema, akimtazama Bwana Masudi usoni. "Baba yake hana arusi ingine ya kungoja. Huyu ndugu yangu anavuka Jumamosi na boti. Munipe hiyo diski aende nayo." Bwana Masudi akaweka mkono kifuani akasema ataipata, na kama ilivyokuwa kawaida yake alisema kabla ya kuniuliza mimi niliyekuwa nimekaa mbele ya mashine.

Niliweka diski tupu, trei ikaingia, taa ya kijani ikawaka, na kabla sijagusa kitu skrini ikageuka bluu yote, maneno meupe ya Kiingereza yakatiririka, kompyuta ikajizima na kujiwasha upya. Nikarudia. Bluu. Nikabadilisha diski, nikabadilisha aina ya diski, nikaomba Mungu, bluu. Diski zilizoharibika Bwana Masudi hakuzitupa; alizigeuza visahani vya kuwekea vikombe vya kahawa, na wateja wakazisifia. Kila mtu alikuwa na ugonjwa aliouamini. Yeye alisema ni umeme, akaazima stabilaiza kwa jirani mwenye saluni, na siku hiyo wanawake wakasukwa bila redio. Mimi nilisema ni joto, tukafungua ubavu wa kompyuta na kuielekezea feni, sisi wenyewe tukaloa jasho. Bwana Mwakalobo, mpima ardhi aliyehamishiwa Kigoma kutoka Mbeya, akasema ni virusi. Yeye alikuwa kijana mpole asiye na ndugu mjini, aliyekuja kila akitoka kazini kunywa kahawa na kutuonyesha mambo aliyoyajua ya kompyuta, na aliyajua mengi. Alivikuta virusi kweli, akaviua kimoja kimoja kwa furaha, akachomoa na kadi ya memori akaisugua kwa kifutio cha penseli. Tukaweka diski. Bluu.

Mama Furaha akaanza kuja kila mchana. Hakugomba. Aliingia na hotpoti mbili, moja ya ugali wa muhogo na nyingine ya samaki wa migebuka kwenye mawese na sombe, yaani kisamvu, kando, akatandika kitenge sakafuni chini ya yale maporomoko ya kuchora, akatuita. "Muache kwanza hiyo mashini. Mutu mwenye njaa haoni kitu." Tulikula kwa mkono, mawese yakitudondokea, tukiwa tumeipa kompyuta mgongo kama mtu tuliyemnunia. Hapo ndipo niliposikia habari nyingi za Baba Furaha. Mama alisimulia huku akichambua miiba: jinsi alivyomfuata Ujiji akimposa, jinsi asivyojua kucheza muziki lakini hakubali kuambiwa, jinsi alivyonunua viatu vya harusi miezi mingi kabla, akavivaa ndani ya nyumba ili vimzoee. Viatu vilibaki Kalemie chini ya kitanda cha mgonjwa. Alicheka aliposema hivyo, nasi tukacheka, halafu Bwana Mwakalobo akainuka ghafla kwenda kunawa mikono na akakaa huko nje muda mrefu. Nami niliona kwamba kama diski haitavuka, sitaweza kumtazama yule mama tena, na hilo lilinikera kuliko mtihani wowote niliowahi kufanya.

Alhamisi mambo yakaharibika zaidi. Kompyuta ilipojiwasha baada ya bluu nyingine, ilianza kujikagua yenyewe, mistari ikipanda taratibu, na ilipomaliza nikafungua vipande vya harusi kimoja kimoja. Maandamano ya kutoka kanisani yalikuwepo. Ukumbi ulikuwepo. Kipande cha keki hakikufunguka. Nilijaribu mara nyingi, kikaniambia faili limeharibika. Sikuwa na namna ya kumficha mtu, maana Mama Furaha alikuwa amesimama nyuma yangu. "Keki imekufa?" akauliza. Nikasema, "Ndiyo, mama." Akasogea karibu na skrini. "Na kesho ikikufa Furaha mwenyewe?" Bwana Masudi alitaka tuing'oe kompyuta tuipeleke Kasulu kwa basi, ambako alisikia kuna mashine nyingine ya kuchoma, lakini kwa barabara ya wakati ule sote tulijua kitakachofika huko ni chuma tu. Nikasema hakuna kuweka diski tena humo mpaka tuelewe nini kinaiua. Nadhani hiyo ndiyo mara ya kwanza maishani mwangu kuwakataza watu wazima jambo, na ajabu yake wakanitii.

Nikakaa bila kugusa kitu, nikafikiri. Umeme ungeiua wakati wowote. Joto lingeiua jioni kuliko asubuhi. Kompyuta hii ilifanya kazi kutwa nzima, ikacheza muziki, ikahariri, haikuwa na neno. Ilikufa diski tupu inapoingia tu, na ilikufa kabla mimi sijabonyeza kuchoma. Ile taa ya kijani ndiyo niliyoifikiria sana. Ilikuwa ikipepesa wakati mikono yangu ipo magotini. Nikamwambia Bwana Mwakalobo alipofika, "Kuna kitu humu kinaishika diski kabla yangu." Akaweka kikombe chini. "Rudia hapo, dada." Nikarudia. Akasema kuna njia ya kuiwasha kompyuta ikiwa na vitu vya lazima tu, vingine vyote vimelala. Akanionyesha, tukaiwasha hivyo, na nikiwa nimefumba macho nikasukuma trei yenye diski tupu. Nikahesabu pumzi. Nilipofumbua, skrini ilikuwa palepale, ina rangi mbaya na herufi kubwa kama za mtoto, lakini haikuwa bluu. Kuchoma haikuweza katika hali hiyo, ila ilikuwa hai. Bwana Mwakalobo alinipa mkono kana kwamba nimefaulu.

Sasa tukatafuta nani amealikwa humo ndani, na hapo ndipo tabia ya Bwana Masudi ilipojitokeza hadharani. Orodha ya programu ilikuwa ndefu kama ya waalikwa wa harusi ya diwani. Za kuchoma diski peke yake zilikuwa nyingi. Moja tuliijua, ndiyo tuliyoitumia siku zote. Nyingine ilitoka kwenye boksi la mashine mpya ya kuchoma. Nyingine ilipanda juu ya diski ya muziki aliyoletewa Bwana Masudi na mabaharia, na hii ilijikalisha pale chini karibu na saa, kialama chekundu cha duara tulichokuwa tukikiona kila siku bila kuuliza ni cha nani. Hii nyekundu ndiyo iliyokuwa na kiherehere: ikiona diski tupu inaingia, inaidaka ili iiandae kwa namna yake yenyewe, bila kumwambia mtu. Ile ya kwenye boksi nayo inaidaka. Zikivutana, kompyuta inazimia. "Bwana Masudi, uliziweka wewe hizi?" Bwana Mwakalobo aliuliza kwa heshima zote. "Sikuweka mimi," akajibu. "Zilibisha hodi, nikasema karibu. Mtu amefika mpaka kwenye skrini yako anakuuliza kama aingie, unamwambiaje hapana? Kwetu Ujiji hatujafundishwa hivyo." Mama Furaha alicheka hadi akajifuta machozi kwa kitenge. "Ego," akasema, akiitikia ndiyo kwa Kiha ili kututania, "basi mgeni amelala kitanda cha mwenye nyumba."

Kuiondoa nyekundu kulikuwa kazi ya fadhaa. Iliuliza kama tuna uhakika. Iliuliza tena. Ikasema kuna faili zinazotumiwa na wengine, je, zifutwe? Bwana Masudi akasema inasikitisha, inauliza kwa upole mno. Nikaiondoa, nikaondoa na mwenzake, tukabaki na ile yetu moja, tukaizima kompyuta, tukaiwasha, na mashine ya kuchoma ikawa haipo. Sisemi imeharibika. Trei ilitoka na kuingia, lakini kompyuta ilisema hakuna kitu kama hicho hapa, hakijawahi kuwepo. Ilikuwa Ijumaa, saa za adhana ya alasiri. Bwana Masudi akaenda kuswali na nina hakika alituombea kwa majina. Bwana Mwakalobo akapanda baiskeli mpaka kwenye internet kafe ya karibu na stesheni, akarudi na karatasi zilizochapwa, mtu mmoja wa mbali huko akieleza shida hii hii yetu: programu ya namna ile ikiondoka huacha amri zake mbili nyuma, na kompyuta huendelea kumsubiri mlinzi wa mlango ambaye hayupo. Amri hizo zifutwe kwa mkono, huko ndani kabisa. Chini kwa herufi nzito aliandika kwamba ukifuta kisichostahili, kompyuta haitawaka tena.

Bwana Mwakalobo akasoma Kiingereza kwa sauti, mimi nikafuata njia, folda ndani ya folda ndani ya folda, nikimrudishia kila neno kabla ya kulibonyeza. Nikazikuta zote mbili zimekaa pamoja. Nikaziwekea alama, nikabonyeza kufuta, na kidirisha kikaja kuuliza kama nina uhakika. Sikuwa nao. Kidole kilikataa. Harusi yote ya Furaha ilikuwa chini ya kidole changu, ukumbi, kwaya, mama akicheza. Ndipo Bwana Masudi, aliyekuwa amerudi kutoka msikitini na kusimama mlangoni na viatu mkononi, akaja akanigusa bega. "Nipishe hapo. Hii kazi ndiyo ninayoiweza." Akabonyeza "Ndiyo". Kompyuta ikawaka upya taratibu, nayo mashine ya kuchoma ikarudi mahali pake. Nikaweka diski. Taa ya kijani haikuwaka mpaka nilipoiambia. Nikabonyeza kuchoma, ule mstari ukaanza kujaa, na Mama Furaha, ambaye hakuelewa mstari ule ni wa nini, alielewa nyuso zetu. Akapiga kigelegele ambacho nadhani kilisikika sokoni. Saluni nzima ilitoka nje, mmoja ana nywele nusu.

Tulipima jioni ileile, sheria ni sheria, na barabara ilijaa mpaka baiskeli zikazunguka nyuma. Asubuhi nilimsindikiza Mama Furaha mpaka bandari ya Kibirizi, kaka yake akapanda boti na diski ameikumbatia ndani ya shati. Mwezi huo matokeo yangu yakatoka, na watu nyumbani wakaanza kunihesabia vyuo vya uhasibu. Nikasema hapana. Nilisema vizuri, bila kugomba, kama mtu aliyejifunza kwamba neno hilo halimuui anayeambiwa. Nikasema nataka kusomea haya mambo ya kompyuta, na Bwana Mwakalobo akaja na shati la kazini kunitetea. Nilikuwa na furaha mwaka ule ambayo sijui kuieleza bila kuizidisha, furaha ya kuamka ukijua kuna chumba kinakungoja chenye kahawa na tatizo.

Siku moja ya mwisho wa mwaka, nikiwa nasafisha lenzi na Bwana Mwakalobo yuko kwenye kahawa yake, aliingia mwanamume mrefu mwenye magongo mawili na viatu vinavyong'aa visivyolingana kabisa na suruali yake ya safari. "Mwakeye," akasalimia, akauliza kama ndiyo studio iliyochukua harusi ya Furaha. Bwana Masudi akaanza kumiminia kahawa huku akiomba radhi kwa ajili ya keki. Yule mtu akasema keki hana neno nayo, mlikula wenyewe. "Nimeitazama mpaka majirani wamechoka. Wakati watu wanacheza, muke wangu amekaa mbele, na pembeni yake kuna kiti. Wazee wamesimama, miguu inawauma, na kile kiti hakuna mutu. Kila anayetaka kukaa, mama anamufukuza na mukono. Munakumbuka?" Hatukukumbuka. Tuliokata na kuunga ile harusi, tulioichungulia kipande kwa kipande tukiogopa isife, hatukuwa tumekiona. Bwana Masudi akanituma sokoni mbio, na nikamkuta Mama Furaha anampimia mteja kitenge, nikamwambia tu kuna mtu anamwita. Alipofika mlangoni akamwona mumewe. Bwana Masudi alikuwa ameshaweka viti viwili mbele ya maporomoko ya maji, na kamera ameiwasha. Mama Furaha akapita akakaa kwenye kimoja, akanyoosha kitenge chake magotini, akatazama mbele kama watu wanavyotazama kwenye harusi. Baba Furaha akamkabidhi Bwana Mwakalobo magongo, akajishusha polepole kwenye kiti cha pili. Mama hakugeuka. Akaupeleka mkono pembeni, akaushika wa mumewe.

"Umechelewa," akasema.